Kukodi lori la haidrovaki Edmonton: trela la bei nafuu au lori lenye mwendeshaji wake?

Mkandarasi Mdogo, Edmonton

Habari za kazi, ndugu zangu. Nina kampuni ndogo ya misingi hapa Edmonton, Alberta, na tuko watu wanne. Miaka yote tumekuwa tukifanya kazi za nyua, sitaha za mbao na mabanda ya magari, ambako chepeo na mikono vilitosha kila tulipokaribia bomba au waya uliofukiwa. Safari hii tumepata kazi ya kusimika nguzo 18 za chuma zenye parafujo kwa ajili ya ukumbi unaoongezwa nyuma ya kanisa, na mkandarasi mkuu ametuwekea sharti kwamba hakuna nguzo itakayoingia ardhini mpaka kila mstari wa gesi, umeme au mawasiliano uliopo jirani nayo uwe umefunuliwa na kuonekana kwa macho. Nimekwisha kuomba alama kupitia Utility Safety Partners, shirika la Alberta linalopokea maombi ya kutiwa alama mistari iliyofukiwa, na uwanja mzima sasa umejaa rangi: njano ya gesi inakatiza kona ya kaskazini, nyekundu ya umeme inafuata ukuta wa zamani, na rangi ya chungwa ya mawasiliano inapita katikati ya nguzo mbili.

Nimeletewa makadirio mawili ya bei. Ya kwanza ni ya lori la haidrovaki, yaani lile linalokata udongo kwa maji yenye mgandamizo mkubwa huku likilifyonza tope hadi kwenye tangi lake, nalo linakuja na mwendeshaji na msaidizi wake kwa dola 310 kwa saa. Ya pili ni ya mashine ndogo ya kufyonza inayokokotwa kama trela, ambayo ningeikodi bila mwendeshaji, na bei yake ya wiki nzima haifiki ya saa kumi za lile lori. Hesabu ya haraka inanivuta kwenye trela, lakini sijawahi kukodi chombo cha aina hii na naogopa gharama ambazo hazikuandikwa kwenye karatasi. Kazi inaanza wiki ya tatu ya Novemba, na ardhi imekwisha kuanza kuganda juu. Naomba waliokwisha kukodi malori haya, au waliofanya kazi juu yake, wanieleze niulize nini kabla ya kutia saini, na kama tope lile linaweza kuachwa hapo hapo uwanjani.

Mwendeshaji wa Haidrovaki, Red Deer

Karibu, kaka. Nimeendesha malori haya kwa miaka 11, ambayo minane kati yake ilikuwa kwenye visima na mabomba ya mafuta kabla sijahamia kazi za mjini. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako la mwisho, ambalo umelitaja kama nyongeza, ndilo linaloamua gharama yako yote. Kabla hujauliza bei ya saa, uliza tope linakwenda wapi.

Udongo uliofyonzwa kwa maji si udongo tena, bali ni uji mzito usioweza kushindiliwa, na hivyo huwezi kuurudisha shimoni na kuujengea. Ukiumwaga uwanjani mwezi wa Novemba utaganda kama jiwe na kukaa hapo mpaka majira ya kuchipua, kisha utayeyuka na kutiririka kuelekea mfereji wa mtaa, ambako hauruhusiwi kufika. Kwa hiyo lori hulazimika kwenda kumwaga kwenye kituo kinachopokea tope la aina hiyo, na muda wote huo, kwenda, kusubiri foleni, kumwaga, kuosha tangi na kurudi, saa yako ya dola 310 inaendelea kuhesabiwa, mbali na ada ya kituo chenyewe. Nimeona wateja waliolipia saa mbili za kuchimba na saa tatu za barabarani. Ukichukua trela, mzigo huo wote ni wako: wewe ndiye utakayekitafuta kituo, na wewe ndiye utakayeulizwa udongo umetoka wapi. Kama pale kanisani palikuwa na kituo cha mafuta zamani, au kama tope linanuka petroli, kituo cha kawaida hakitalipokea bila majibu ya maabara.

Sasa tufanye hesabu ya uwanja wako. Shimo la kuufunua mstari mmoja, lenye upana wa sentimita 30 na kina cha mita 2, lina udongo wa takriban mita za ujazo 0.14. Ukiongeza maji tuseme linafika 0.3 au zaidi kidogo. Mashimo sita ya namna hiyo hayafiki mita za ujazo 3, na tangi la lori kubwa huchukua kati ya 7 na 9, kwa hiyo lori litakwenda kumwaga mara moja tu, tena mwisho wa siku wakati linarudi kwao. Lakini mkandarasi mkuu akitaka mstari wa umeme ufunuliwe wote kando ya ukuta, tuseme mtaro wa mita 20 wenye upana wa sentimita 30 na kina cha mita 1.2, huo peke yake ni mita za ujazo 7.2 za udongo kabla ya maji, na hapo unahesabu safari mbili au tatu. Uzito nao una mipaka yake, kwa sababu tope la mfinyanzi ni zito, na mara nyingi lori hufikia uzito unaoruhusiwa barabarani kabla tangi halijajaa. Kwa hiyo kaa na mchoro wako na mkandarasi mkuu, mkubaliane ni nguzo zipi hasa zinazohitaji kufunuliwa. Kanuni za usalama kazini za Alberta zinahesabu mita 1 kila upande wa alama kuwa eneo ambalo mashine ya kuchimba haiingii mpaka mstari wenyewe uonekane. Nguzo iliyo mita 4 kutoka kwenye alama haina sababu ya kukugharimu saa ya lori.

Kuhusu baridi, hapa ndipo trela linapoanguka. Katika majira ya baridi ardhi ya Edmonton huganda hadi mita moja na nusu au zaidi, na mfinyanzi wa huko, hata usipoganda, hung'ang'ania kama gundi. Lori kubwa lina boila inayopasha maji moto, na maji hayo ndiyo yanayokata barafu ya ardhini. Matrela mengi ya kukodi hayana boila, tangi lao la maji ni dogo, na mabomba yake yakilala usiku mmoja nje kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri bila kumwagwa maji yote, asubuhi utakuta pampu imepasuka, na kwa mkataba wa kukodi bila mwendeshaji pampu hiyo ni yako.

Lakini hata kungekuwa kiangazi ningekushauri umlipe mtu anayejua kushika mkuki wa maji, yaani bomba refu jembamba linalorusha maji ya kukata udongo, maana watu hudhani maji hayadhuru. Maji yanayokata ardhi iliyoganda hukata pia ganda la kebo. Katika kampuni niliyofunzwa, kikomo chetu kilikuwa paundi 2,500 kwa inchi ya mraba kwenye ardhi ya wazi na 1,500 tukikaribia mstari, ncha ya mkuki haikuruhusiwa kutulia mahali pamoja, na haikusogezwa chini ya sentimita 20 kutoka kwenye bomba. Unajua umekaribia kabla hujaliona bomba: udongo mweusi wa mfinyanzi unabadilika ghafla kuwa mchanga safi, kwa sababu waliolilaza walilitandikia mchanga, na wakati mwingine hujitokeza utepe wa onyo. Hapo msaidizi anakupungia mkono, unapunguza mgandamizo, unazungusha mkuki polepole, na bomba la njano la plastiki linaanza kuonekana kama mgongo wa samaki kwenye maji machafu. Pembeni yake pana waya mwembamba wa shaba wenye ganda la njano. Waya huo hauna gesi wala umeme wa kuua mtu, na ndiyo maana wageni wa kazi hawaujali, lakini ndio unaomwezesha mpimaji kulipata bomba la plastiki kutoka juu. Ukiukata kwa maji bila kutoa taarifa, mtu atakayechimba hapo miaka kumi ijayo hatapata alama sahihi.

Jambo la mwisho, na naomba usilipuuze. Alama ulizowekewa ni za mistari ya makampuni yaliyojiandikisha. Bomba la gesi linalotoka kwenye mita ya kanisa kwenda kwenye jengo jingine la nyuma, au kebo ya taa za maegesho, ni mali ya mwenye kiwanja na huwa halitiwi alama na kampuni ya gesi wala ya umeme. Mlipe mpimaji binafsi nusu siku kabla lori halijafika.

Msimamizi wa Mitaro, Leicester

Nimesoma maelezo ya ndugu wa Red Deer na sina cha kupinga, ila naongeza upande wa pili, kwa sababu huku Uingereza tunatumia zaidi malori makavu, yale yanayofyonza kwa hewa bila maji. Mengi ni ya Ujerumani, ya makampuni ya RSP na MTS, yaliyojengwa juu ya lori la ekseli nne lenye uzito unaoruhusiwa wa tani 32. Yana feni zenye nguvu na bomba nene linaloongozwa kwa rimoti, na fundi mmoja hulegeza udongo kwa mkuki wa hewa iliyogandamizwa huku mwenzake akiongoza bomba. Tunayakodi kwa zamu nzima pamoja na mwendeshaji, na ni nadra kuona mtu akikodi lori tupu.

Faida yake kubwa ni ile ile iliyotajwa hapo juu, yaani udongo. Unatoka mkavu, unaweza kumwagwa pembeni na kurudishwa shimoni, ingawa barabarani mara nyingi haturuhusiwi kuurudisha kwa kuwa mwenye barabara anataka kifusi chenye viwango vyake. Karibu na miti hewa ni bora pia, kwa sababu inauondoa udongo na kuiacha mizizi ikiwa mizima. Lakini nakubali kwamba mfinyanzi mzito ni adui wa hewa. Nimesimama Leicester kwenye mfinyanzi uliolowa nikiangalia mkuki wa hewa ukitoboa vitundu tu kama vya msumari, na bomba likiziba kila baada ya dakika chache, mpaka tukarudi kwenye chepeo zenye mpini usiopitisha umeme. Sijawahi kufanya kazi kwenye ardhi iliyoganda, ila kwa maelezo uliyotoa sioni namna lori la hewa litakavyokusaidia mwezi wa Novemba.

Nimekazia neno moja kwa vijana wangu wote: lori la kufyonza haliondoi wajibu wa kupima kwanza. Mwongozo wetu wa HSG47, unaohusu kuepuka hatari za mistari iliyofukiwa, unaanza na michoro, kisha kifaa cha kutambua kebo, kisha ndipo kuchimba kwa usalama. Serikali ya huku imekuwa ikitaja kiasi cha matukio 60,000 kwa mwaka ya mistari kugongwa kwa bahati mbaya, na mengi ningeyaeleza kwa mtu aliyeruka hatua ya kwanza kwa kuwa mashine aliyokodi iliitwa salama.

Mkadiriaji wa Gharama, Calgary

Shikamooni wakubwa zangu, na pole na maandalizi, kaka. Mimi huandaa makadirio kwa kampuni ya ujenzi, na ankara za malori haya hupita mezani kwangu kila wiki, kwa hiyo nitasema ya karatasi tu.

Muulize mwenye lori saa inaanza kuhesabiwa wapi. Wengi huhesabu tangu lori linapotoka yadi yao mpaka linaporudi, na wana kiwango cha chini, mara nyingi saa nne, hata kama kazi yako ni ya saa moja. Lori la yadi iliyo karibu lenye bei ya dola 330 linaweza kukugharimu pungufu kuliko la dola 290 linalotoka nje ya mji. Muulize ada ya kumwaga iko ndani ya bei au nje, kama maji ya kujazia yanalipiwa, na kama kuna nyongeza ya kuwasha boila, kwa maana nimekwisha kuiona nyongeza hiyo kwenye ankara ambayo makadirio yake hayakuitaja hata kwa neno moja. Mwaka juzi tulilipa karibu mara mbili ya tulichotarajia kwa kazi ya siku moja, na nilipofuatilia nikakuta nusu ya tofauti ilikuwa muda wa kusubiri: lori lilifika saa moja asubuhi, msimamizi wetu hakuwa na nakala ya karatasi za alama mkononi, na mwendeshaji, kwa haki kabisa, alikataa kuchimba mpaka azione. Hilo lilikuwa kosa letu, na tangu siku hiyo karatasi hizo huchapwa na kuwekwa ndani ya gari la msimamizi jioni iliyotangulia.

Angalia pia njia ya kuingilia. Lori lililojaa linazidi tani 25, na maegesho ya kanisa yenye lami nyembamba, au tangi la maji taka lililofukiwa bila mtu kukumbuka, hayatalihimili. Mkono wa lori hufika mita kadhaa tu, na kabla ya kuuinua lazima mtazame nyaya za umeme zilizo juu. Bomba la kufyonzea linaweza kurefushwa na kulazwa chini hadi nyuma ya jengo, lakini kadiri linavyorefuka nguvu ya kufyonza inapungua na saa zinaongezeka, kwa hiyo mwambie mwenye lori umbali halisi ili asikadirie kazi ya mita 10 wakati ni ya mita 60.

Na bima: taka cheti chake kabla ya siku ya kazi, na mkataba useme wazi nani anawajibika mstari ukiharibiwa mahali ambapo alama zilikuwa sahihi, na nani pale ambapo hazikuwa. Kwenye trela lisilo na mwendeshaji hakuna mjadala, ni wewe.

Fundi wa Kigamboni

Nawasoma kutoka Dar es Salaam, na nina swali linalohusiana. Huku hatuna malori hayo ya kukodi kwa urahisi, lakini magari ya kunyonya maji taka yapo kila mtaa, na yana tangi, pampu na bomba nene. Tuna mtaro wa kuweka bomba la maji kando ya barabara ambako pana kebo ya umeme na mkongo wa mawasiliano, na mwenzangu amependekeza tukodi gari la maji taka pamoja na pampu ya kuoshea magari, tuchimbe kwa mtindo huo. Je, inafaa?

Mwendeshaji wa Haidrovaki, Red Deer

Hapana, ndugu yangu, na nakuomba usijaribu karibu na kebo ya umeme. Gari la maji taka limeundwa kuvuta kitu kinachotiririka. Pampu yake hutengeneza ombwe ndani ya tangi lililofungwa, kisha maji yanapanda yenyewe. Haidrovaki inafanya kazi tofauti: inapitisha hewa nyingi sana kwa kasi, na ni mwendo wa hewa hiyo unaobeba mawe, mchanga na madonge hadi kwenye tangi, ambako hewa huchujwa kabla ya kufika kwenye mashine. Ukivuta mchanga na changarawe kwa gari la maji taka, kwanza bomba litaziba, pili mchanga utafika kwenye pampu na kuila, na tatu utabaki na udongo umeganda chini ya tangi ambalo halina namna ya kuinuka na kumwaga kwa nyuma kama tipa. Tena mwenye gari atakudai.

Kuhusu umeme, sisi hulifunga lori na mkeka wa chuma kwa waya mmoja wa ardhini, mwendeshaji akasimama juu ya mkeka huo akiwa na buti zisizopitisha umeme, ili kebo ikitobolewa mwili wake usiwe njia ya mkondo. Mtu anayesimama kwenye maji na pampu ya kuoshea gari hana ulinzi huo. Kwa mtaro wako, tafuta michoro kwa wenye mistari, mwombe mtu wao awepo siku ya kazi, kisha chimbeni mashimo ya majaribio kwa mkono kila mahali mtaro unapokatiza mstari, kwa chepeo yenye mpini usiopitisha umeme na bila kupiga sururu. Mchanga wa pwani ni mwepisi, mafundi wawili watamaliza shimo moja kwa muda mfupi kuliko unavyodhani.

Fundi wa Kigamboni

Nimekuelewa, na nashukuru kwa kunieleza sababu. Mashimo ya mkono, basi. Nitaandika barua kwa wenye kebo kesho asubuhi.

Mkandarasi Mdogo, Edmonton

Narudi kuwapa mrejesho baada ya wiki mbili, kwa kuwa mlinipa muda wenu. Nilikaa na mkandarasi mkuu na mchoro mezani, tukakuta nguzo 7 tu kati ya 18 ndizo zilizokuwa ndani ya mita 1 ya alama yoyote. Niliacha trela, nikachukua lori lenye yadi karibu nasi kwa dola 325 kwa saa, boila ikiwa ndani ya bei, na nikamlipa mpimaji binafsi siku iliyotangulia. Mpimaji huyo alipata bomba la gesi linalotoka kwenye mita kwenda kwenye banda la nyuma, ambalo halikuwa na alama yoyote, na lilipita sentimita 20 kutoka katikati ya nguzo yetu ya kumi na moja. Nilipoona fundi akinyunyiza ile rangi ya njano juu ya theluji, mahali ambapo kijana wangu alikuwa amekwisha kupigilia kigingi, nilinyamaza kwa muda. Kwa hiyo mashimo yakawa 8.

Lori lilifanya kazi saa sita na nusu, pamoja na safari moja ya kumwaga mwisho wa siku. Mstari wa umeme tuliukuta sentimita 35 kutoka pale alama ilipoonyesha, na mchanga ulijitokeza kwanza kama ndugu alivyoeleza. Tulipiga picha kila shimo tukiwa tumeweka futi ndani yake, tukaandika kina, tukayafunika kwa mbao nzito usiku ule, na kesho yake tukajaza mchanga baada ya mkandarasi mkuu kutia saini. Nguzo mbili zimesogezwa kwa idhini ya mhandisi, na tunaanza kuzisimika Jumatatu.